Mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa saa kumi

Mama yangu hupiga simu kutoka Limuru kila Jumapili jioni, na swali lake la kwanza halijabadilika tangu tuhamie Tanga: "Watoto wamevaa sweta?" Kwake ukungu hushuka kwenye mashamba ya chai kuanzia Juni, na Julai mtu havui sweta hata akiwa jikoni karibu na moto. Mimi humgeuzia simu aone mwenyewe. Mdogo, wa miaka mitatu, amekaa kwenye sakafu ya saruji na kaptula tu, vidole na midomo vyekundu kwa ubuyu. Shosho wake hunyamaza kidogo, halafu huuliza tena kama usiku basi anajifunika.

Watu husema Mkenya akija Tanga hajaenda ughaibuni. Ukitoka hapa asubuhi, ukavuka mpaka pale Horohoro, mchana uko Mombasa. Kwenye ramani ni kweli. Ila mama mwenye watoto wadogo hupima umbali kwa vitu vingine: nani utamwachia mtoto kwa dakika kumi, nani atagonga mlango asipokuona siku mbili. Tulikuja kwa sababu mume wangu alipata kazi upande wa Chongoleani, linakoishia lile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linaloanzia Hoima, Uganda. Yeye alikuwa na kazi ya kuamkia. Mimi nilikuwa na watoto wawili, vyumba viwili vya kupanga Ngamiani, na mwezi wa Januari 2025 mbele yangu.

Januari ya pwani sikuwa nimewahi kuiishi. Kaskazi inavuma kweli, mapazia yanacheza, lakini ni upepo wa moto. Watoto wakatoka harara shingoni na mgongoni, usiku wakilia wanajikuna. Nilidhani dawa ni kuwatoa nyumbani, tena mbali. Nikapanga matembezi ya mwisho wa wiki kama tulivyokuwa tukifanya kwetu: chai mapema, vyakula kwenye kikapu, kutoka asubuhi na kurudi jioni. Jumamosi ya kwanza tukaenda Raskazone, tukafika saa nne na nusu. Jua lilikuwa kali na bahari haikuwepo. Maji yalikuwa yamekimbia mbali, yameacha tope, majani ya baharini na mawe. Mkubwa, aliyekuwa na miaka mitano, akayakimbilia, na kabla hajayafikia akakanyaga yule mnyama mweusi wa miiba anayekaa kwenye mawe. Tulirudi na bajaji, mtoto akipiga mayowe, chakula chote kikiwa hakijaguswa.

Jirani yetu, bibi mmoja anayeuza barafu mlangoni kwake, ndiye aliyetupokea. Hakuuliza kitu. Alikata papai bichi, akauchirizia utomvu wake mweupe kwenye kisigino, akamkalisha mtoto kwenye mkeka na kumpa barafu ya ukwaju aishike. Kilio kilipopungua ndipo akanigeukia.

"Mwanangu, kabla ya kwenda uliutazama mwezi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sikujua kuwa mwezi unahusika.

Akanifundisha pale pale, akihesabu kwa vidole. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana saa kumi au kumi na moja jioni, na asubuhi ya saa nne hupwa kupita kiasi. Baada ya siku saba huwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na kujaa kwake huwa saa nne asubuhi. Katikati hapo, kila siku yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana. "Watoto wadogo wapeleke bamvua, baada ya alasiri," alisema. "Jua limelegea, na maji yamewafuata wao. Si wao kuyafuata maji."

Nimeishi na maneno hayo mwaka na zaidi sasa. Kalenda ya ukutani ina alama zangu za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na ndizo siku zetu za kutoka. Niliacha kabisa safari za kutwa. Tunatoka saa tisa na nusu, tunarudi magharibi. Hatubebi karamu: kanga mbili (kwetu leso), chupa ya maji, yeboyebo za kuingilia majini ili lile la kisigino lisirudi, na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi kwa sababu maji ya bahari huamsha njaa ghafla. Mdogo hukaa pale mawimbi yanapoishia. Mkubwa sasa anaelea mgongo, mikono ameitandaza, macho ameyafumba, na mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake, maji kiunoni, sipepesi.

Baada ya kuogelea ni dafu. Muuzaji huja na baiskeli (Tanga ni mji wa baiskeli, hata nazi hupanda), madafu yamefungwa vichane nyuma na mbele. Anakata juu kwa panga mapigo matatu, unakunywa, halafu anapasua kati na kuchonga kijiko kutoka kwenye ganda lenyewe ili ukombe nyama laini ya ndani. Kwetu Limuru nazi ni nazi, kitu cha dukani, kikavu, cha kahawia. Huyu kijana alimfundisha mkubwa kwamba jina hubadilika kadiri tunda linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, halafu ndiyo nazi. Mtoto aliyakariri kwenye bajaji njia nzima. Siku moja nilimsikia akimsahihisha baba yake kwamba lililo mezani si dafu, limekomaa mno, ni koroma. Baba yake aliniangalia. Hakuna kati yetu wawili aliyelijua neno hilo tulipokuwa na umri wake.

Vya kulamba na kutafuna vya hapa ningeweza kuviandikia kurasa. Desemba ni maembe, na wanangu hawasubiri yaive: embe bichi linakatwa vipande, linanyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, na mdogo hufumba jicho moja kwa ukali halafu anataka kingine. Embe ng'ong'o pia hivyo hivyo. Juisi ya mabungo, nzito na ya njano, wanaikubali ikiwa baridi tu. Ubuyu nauogopa kwa ile rangi inayokataa kutoka kwenye nguo, lakini siwanyimi. Na Juni, malori ya machungwa ya Muheza yalipoanza kuonekana, mkubwa aligoma kula kwa kuwa machungwa yalikuwa ya kijani, akiamini ni mabichi. Muuzaji alimenya moja kwa kisu, ganda likitoka kama utepe mmoja mrefu, akakata kofia yake ya juu na kumpa afyonze. Lilikuwa tamu kama sukari. Baba yao alimweleza jioni ile kwamba chungwa hugeuka rangi likipata usiku wa baridi, na huku chini hakuna baridi ya kuligeuza, kwa hiyo huiva ndani huku nje likibaki kijani. "Basi kwa shosho yangegeuka," mtoto akasema. Nadhani yangegeuka.

Si kila mahali pametufaa. Tongoni tulikwenda mara moja, kuona msikiti wa kale na yale makaburi yenye nguzo, na ni mahali ninapopaheshimu sana, lakini mtoto wa miaka mitatu hana la kufanya pale ila kutaka kupanda juu ya makaburi. Nitawarudisha wakiwa wakubwa.

Mapango ya Amboni yamekuwa jambo jingine kabisa. Ni kama kilomita nane kutoka mjini, pembeni ya barabara ya Mombasa, na ndiyo sehemu pekee niliyoipata ambapo saa saba mchana mwezi wa Februari mtoto anasema anasikia baridi. Ni mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa muda ambao siwezi kuuweka kichwani. Mwongozaji anatangulia na tochi, anawaonyesha maumbo ukutani, anazima kidogo ili wajue giza ni nini, na juu popo wanajigeuza. Mdogo alinishika shingo hadi ikauma. Wenyeji husimulia kwamba njia za ndani huendelea mpaka Mombasa, na mwongozaji alipolisema hilo mkubwa alisimama.

"Mombasa ya Kenya?"

"Hiyo hiyo."

"Basi tupitie huku twende kwa shosho."

Mwongozaji alicheka, akamwambia aje akishakua. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimedhani ni mimi peke yangu ninayelala nikihesabu njia za kurudi nyumbani.

Jioni za siku za kawaida, bahari ikiwa haituiti, tunakwenda bustani ya Jamhuri. Hakuna kiingilio wala mpango. Watoto wanakimbizana kwenye nyasi, mbele kuna bandari na kisiwa cha Toten kimelala na mikoko yake, na mkubwa huhesabu meli. Tunanunua kachori za shilingi chache au mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili. Ni hapo nilipojifunza kusema "naomba" mahali ambapo kwetu ningesema "nipe", na kungoja kidogo baada ya "shikamoo" hadi "marahaba" ifike, badala ya kurukia bei. Watoto walijifunza kabla yangu. Sasa mdogo huwaamkia hata wauza karanga.

Kuhusu barafu ya chai. Mama hunitumia majani ya chai ya Limuru kila mtu wetu anaposafiri kuja, na nilikuwa nikipika chai ya maziwa kila alfajiri kama nilivyolelewa, tangawizi ndani, rangi ya udongo. Watoto waliikataa. Kwa joto lile sikuwalaumu, lakini iliniuma kumwaga chai ya mama yangu. Siku moja mkubwa, ambaye anaona kwa bibi jirani kila kitu kinageuka barafu, ukwaju, embe, hata maziwa yenye rangi ya waridi, aliuliza kwa nini chai isiwe barafu. Nikaipika nzito, nikaongeza sukari kuliko kawaida kwa sababu ubaridi huua utamu, nikaichuja mara mbili ili nyuzi za tangawizi zisibaki, ikapoa kabisa, nikaimimina kwenye vikombe vidogo. Usiku kucha kwenye friza. Asubuhi waliila yote, wakirambaza hadi kwenye viganja, na wa jirani wakaja wawili, kisha wanne.

Hiyo ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka ule iliangukia Machi, joto likiwa bado juu. Sisi ni Wakristo, lakini mtaa mzima unafunga, na niliwaambia wanangu kwamba mchana hatutakula kitu barazani. Mkubwa alilipokea kama kazi aliyokabidhiwa yeye. Mwezi uliofungulia Ramadhani ulileta na bamvua yake, kwa hiyo siku zile za mwanzo maji yalijaa jioni na tukawa tunarudi kutoka Raskazone wakati mtaa unajitayarisha kufuturu. Bibi alikuwa ametutumia sahani siku mbili mfululizo, kwanza tambi na kaimati, halafu mihogo ya nazi. Siku ya tatu tukampelekea vikombe vinne vya barafu ya chai.

Tulifika mapema mno. Bibi alitukaribisha mkekani, tende zimewekwa, maji yamemiminwa, na hakuna aliyegusa. Nilimwambia mkubwa kwamba yeye mtoto, anaweza kula yake. Akatikisa kichwa. Alikiweka kikombe kati ya magoti yake, akakitazama kinavyoanza kutoa jasho, pembeni chai ikianza kuyeyuka. Mdogo alijaribu kumwiga akashindwa baada ya muda mfupi, nikamgeuzia uso ukutani akalamba yake kimyakimya. Adhana ikalia. Bibi alichukua tende, akanywa maji, akasema dua yake, na kabla ya uji, kabla ya chochote, alinyoosha mkono kuchukua kikombe. Mkubwa akamsubiri aanze.

Alionja polepole, macho yakiwa mbali.

"Majani ya kwenu haya?"

"Ya kwa mama, bibi."

Akalamba tena, akampa mkubwa ishara kwamba naye ale.

"Mazuri. Lakini iliki hukutia, mwanangu. Kesho njoo nikupe."