Makuti 560, na wageni wamo njiani

Saa 11:00 alfajiri. Kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, zimelala ndani ya ndoo ya maji tangu usiku. Kamba kavu hukata vidole na fundo lake halishiki. Ikishakunywa maji hulainika, ukaivuta mpaka ikakaa. Paa la leo lina mafundo 1,120, kwa hiyo ndoo hutazamwa kabla ya birika la chai.

Chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha, tunaondoka. Tupo wanne: mafundi wawili wa juu, vijana wawili wa chini.

Saa 12:15. Nyumba iko nje kidogo ya Konde, kaskazini mwa Pemba. Ya udongo na boriti, urefu futi 27, upana futi 18. Paa la nyuma lilimalizika jana, leo ni la mbele na mgongo, yaani kilele zinapokutana paa mbili. Mwezi wa tatu mwezekaji haonekani kwake. Kaskazi inakata, masika yamekaribia, na hii ndiyo nafasi ya mwisho kwa watoto walioko Unguja na Dar es Salaam kuja kuwatazama wazee, kabla njia hazijawa tope na kusi haijauchafua Mkondo wa Pemba. Mgeni akishatangazwa, ndipo mwenye nyumba huinua macho akaziona nyota kupitia paa. Tangu Januari zilikuwa zikionekana.

Wageni wa leo wanashuka bandari ya Mkoani kwa boti, watu saba, watatu wao watoto wadogo. Usiku lazima wawe na pa kulala.

Saa 12:30. Kuezua. Huanzia mgongoni kushuka chini, kinyume cha kuezeka. Kamba hukatwa kwa kisu kifupi. Usilivute kuti kwa mkono, maana fito iliyoliwa na mchwa hulifuata kuti, na fundi huifuata fito. Kila fito hugongwa kwa mpini wa panga: nzima hulia kavu, iliyoliwa hulia kama kibuyu. Leo zimetolewa sita. Mkono hauingizwi kwenye makuti ya zamani kabla ya kuyatikisa, kwa sababu ya nge na tandu. Panya ni wengi lakini hao hukimbia wenyewe.

Upande ulio jirani na jiko makuti ni meusi na bado magumu. Ya chumbani yamekuwa unga mkononi. Moshi wa kuni hukausha unyevu na kufukuza wadudu, ndiyo maana paa la jiko mara nyingi hulizika paa la ukumbi. Hilo vumbi jeusi ndilo tunaloshuka nalo usoni, na ndilo linalowafanya watu watuonee huruma kama wachoma mkaa.

Saa 2:30. Gari la ng'ombe limefika na makuti. Mia nne.

Hapa siku ndiyo iliposimama.

"Fundi, mia nne si yanatosha? Jirani yangu kaezeka kwa mia tatu."

"Yanatosha jiko, mzee wangu. Nyumba hii hayaitoshi."

Hesabu yenyewe si siri, na kila anayejenga shamba angeijua asingegombana na fundi. Paa hili, na miisho yake inayotokeza nje ya ukuta, lina urefu wa futi 30. Kutoka mgongoni hadi mchirizini, ukingo wa chini maji yanapodondokea, ni futi 15. Kuti la viungo, yaani majani ya mnazi yaliyoshonwa kwenye kijiti kiitwacho upongoo, lina upongoo wa futi mbili na nusu, lakini kuti na kuti hupandiana inchi nne kwenye ncha, kwa hiyo safu moja inakula makuti 14. Safu na safu huachana nusu shibiri, yaani inchi nne na nusu. Futi 15 zikigawiwa hivyo ni safu 40. Arubaini mara kumi na nne ni 560. Weka 40 ya mgongo, jumla 600.

Kwa mia nne, ukitoa 40 ya mgongo, safu zitakuwa 25, na nafasi itapanuka hadi inchi saba na zaidi. Kwa macho hutaona tofauti siku ya kwanza. Lakini majani ya kuti hushuka kama futi mbili. Ukiezeka kwa nusu shibiri, tone la mvua hukutana na kuti la kwanza, la pili, mpaka la tano kabla ya kufika ndani. Ukiezeka kwa shibiri nzima linakutana na mawili, ukibahatika matatu. Kuti la juu huliwa na jua, likianza kuvunjika la pili ndilo linalobaki kazini. Paa la nusu shibiri hukaa miaka mitano na kuendelea. Lile jingine, masika ya pili utakuwa unahamisha kitanda.

Mzee akasikiliza yote, akatikisa kichwa kama aliyekubali, kisha: "Basi yapunguze juu, uyazidishe chini."

Juu wapi, mzee wangu? Juu ndiko kwenye mgongo, na paa nyingi huvuja kuanzia hapo.

Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na mkono umejaa makuti tuliyoyashusha asubuhi. "Haya mbona mazima? Changanyeni." Yalikuwa mazima kweli kwa kutazama. Ukilikunja kuti la miaka mitano pale linapozunguka upongoo, linakatika kama biskuti, maana mkunjo ndio unaokufa kwanza. Kisha hubeba mayai ya wadudu, na likikaa chini ya kuti jipya hushika unyevu na kuliozesha lile lililo zima. Makuti ya zamani yana kazi nyingi: kufunika matuta ya muhogo, kuwashia moto, kuzibia banda la kuku. Si hii.

Ubishi ukaenda saa nzima. Paa wazi, jua linapanda, vitanda viwili na kabati vipo ndani vimefunikwa kanga. Aliyekata mambo ni mke wake, aliyekuwa anakuna nazi upenuni muda wote bila kusema. "Mzee, watoto wako wanakuja na wajukuu. Mwache fundi ahesabu." Akamtuma kijana kwa wanawake wa mtaa wa pili wanaoshona makuti, akaulize kama yapo mia mbili.

Saa 4:00 au karibu yake. Tumeanza na mia nne yaliyopo, kwa nafasi ya nusu shibiri, bila kumwambia mtu.

Safu ya kwanza, ya mchirizini, huwekwa maradufu, yaani huhesabiwa safu mbili kati ya zile 40, kwa sababu ndiyo inayobeba maji ya paa zima na ndiyo inayopigwa na upepo kutoka chini. Fito zinazoshuka kutoka mgongoni zimeachana futi moja, na kila kuti hufungwa mahali pawili. Kuti halianzi pale la chini yake lilipoanzia: maungio hupishana, kama matofali. Maungio yakilingana safu tatu tu, umejenga mfereji wa kuingiza maji chumbani. Kila safu tano mtu hushuka kutazama kutoka mbali, maana ukiwa juu huwezi kuona kwamba mstari umepinda. Fundi hakanyagi alichokiezeka. Ngazi ya mianzi hulazwa juu ya fito zilizo wazi na kusogezwa kwenda juu kadiri safu zinavyopanda. Makuti hufungwa kumi kumi na kuvutwa kwa kamba. Hayarushwi; yakirushwa ncha huvunjika, na upepo ukilidaka hulipeleka shamba la jirani.

Fundo moja hula kamba ya dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya vidole. Pima moja ni dhiraa nne, kwa hiyo mafundo 1,120 ni kama pima 280 za kamba, na zote zimesokotwa kwa mkono. Makumbi yake yalifukiwa pwani miezi mingi ndipo yakapondwa. Siku hizi wapo wanaoleta kamba ya nailoni. Ni rahisi na haiozi, lakini inateleza, na fundo likiteleza inchi moja safu nzima inakaa chini. Hiyo hufaa kufungia mbuzi.

Yale mia mbili yakaja kabla ya adhuhuri. Kuti huinuliwa kuelekea jua: ukiona mwanga kati ya jani na jani, ni jepesi, rudisha. Haya yalishonwa vizuri, kwa miyaa, yamejaa, ila 35 yalikuwa mabichi. Kuti bichi ni zuri sana siku unapolifunga. Baada ya wiki tatu hunyauka, majani yakasinyaa, ukabaki na mianya ya kupitisha kidole. Tukayatenga ya kuzungushia choo cha nje, wakaleta mengine 35.

Adhuhuri. Sala, wali na dagaa, mgongo chini kidogo. Tumefika safu ya 19.

Saa 8:15. Wageni. Walisemwa wa saa kumi. Gari imeingia uani ikipiga honi, watoto wakashuka mbio moja kwa moja kwenye ngazi.

Usitake kuezeka nyumba yenye wageni ndani. Mabegi yameingizwa chumbani, chumba hakina paa. Masizi yaliyobaki kwenye fito yanaanguka kwenye sinia la mkate wa kumimina. Mmoja anataka picha akiwa juu. Mtoto mmoja amelichukua panga. Kijana wa chini anayetakiwa kufunga makuti kumi kumi amekuwa yaya.

Na yupo shemeji. Kila nyumba ina shemeji wa mjini. Amekaa barazani, miguu mbele, soda mkononi: "Fundi, dunia ya leo bado makuti? Si mngepiga bati tu mkapumzika?"

Jibu lipo, na halihitaji kugombana. Bati likipigwa vizuri huishi kuliko makuti, halina ubishi. Lakini karibu na bahari chumvi huanza na misumari na kingo, na bati lisilo na dari saa saba ya mchana humtoa mtu ndani ya nyumba yake. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Tena boriti za nyumba hii zilipangwa kwa mteremko mkali wa makuti. Huo mteremko kwa bati ni kununua mabati zaidi bila sababu. Makuti nayo yana aibu yake, nayo ni moto. Cheche moja ya jirani inatosha. Anayetaka bati aweke bati, ila asiseme ni kwa sababu makuti hayana ufundi.

Nilimjibu nusu ya hayo. Nusu nyingine nilikuwa nimeuma kamba.

Ndipo wingu likatokea upande wa msitu wa Ngezi. Dakika kumi hivi, si zaidi. Safu zilikuwa 27. Turubali likapanda: ukingo wa juu unavuka mgongo na kufungwa upande wa pili, ukingo wa chini unalala *juu* ya safu mpya. Ukiuingiza chini ya safu mpya, kama kijana alivyokuwa anafanya, maji yote yanakusanywa na kumiminwa ndani. Pembe hufungwa kwenye boriti. Ukizifunga kwenye fito upepo unaondoka nazo. Mvua ikanyesha robo saa, ya kujaribu tu. Wageni wote wakaingia upande wa nyuma, ule wa jana, na ukumbi wao haukupata tone. Shemeji alikuwa miongoni mwao. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Alasiri imeadhiniwa nikiwa na maji ya mvua ndani ya masikio. Baada ya hapo saa hazina maana. Ni safu, safu, safu. Vidole vimevimba, magoti yamechorwa na fito. Mchovu hufunga fundo legevu bila kujijua, kwa hiyo kutoka hapo kila fundo huvutwa mara mbili na mwenzako huligusa kabla ya kuendelea. Chini wanapanga safari ya kesho ya ufukwe wa Vumawimbi, wapite msitu wa Ngezi watazame mivule na popo wakubwa wa Pemba, nani abebe maji, nani abaki na bibi.

Safu ya 40, halafu mgongo. Makuti ya mgongo yalilowekwa tangu mchana yapindike bila kukatika. Moja upongoo wake hukaa upande huu na majani yanalazwa kuvuka, linalofuata kinyume chake, yakipandiana nusu kwa nusu. Tabaka mbili. Kisha fito ndefu mbili, moja kila upande, zinakaza yote kwa kamba inayopenya kutoka fito hadi fito. Mgongo ukiachwa na kamba legevu, upepo wa kwanza wa kusi huufungua kama kitabu.

Magharibi imetukuta juu. Jaribio la mwisho hufanywa giza likiingia: mtu anamulika tochi kutoka ndani, mwingine anazunguka nje. Penye nyota, pana tundu. Tumeona mbili, zote karibu na fito mpya, tukazipenyezea vipande vya kuti.

Mzee amelipa nusu. Nusu iliyobaki, anasema, baada ya mvua kubwa ya kwanza. Tumekubaliana. Mkewe ametufungia mkate na pweza wa kukaanga ndani ya jani la mgomba.

Kamba zimerudi ndani ya ndoo. Kesho ni jiko la jirani yake, yule wa mia tatu. Ametuma salamu kwamba makuti keshayahesabu mwenyewe.