Makundi ya upishi darasani: ninavyoyapanga Malindi

Darasa langu la sayansi kimu lina Waislamu, Waanglikana, Wapentekoste na Wasabato, na jiko ni moja. Muhula ukianza simuulizi mtu dini yake. Natoa kikaratasi chenye maswali matatu: nini huli, nini hutaki hata kukigusa, na siku au saa gani huwezi kufanya kazi. Kinarudishwa mkononi mwangu, hakisomwi mbele ya wenzake. Waislamu wawili waweza kunijibu tofauti kabisa, vivyo hivyo Wakristo.

Kundi ni watu watano, wamechanganywa makusudi. Ukiwatenga kwa dini, mzozo wa sufuria ya nani safi na ya nani chafu huanza wiki ya pili.

Kuku wote nachukua kwa mchinjaji Mwislamu, basi. Samaki ndiye anayewaponza walimu. Hapa mwambao tunadhani samaki ni wa kila mtu kwa kuwa hachinjwi, kumbe Msabato hali asiye na mapezi na magamba: kamba, kaa, pweza, ngisi, papa, wote nje. Changu hupita kwa wote. Jelatini ambayo pakiti haisemi ni ya mnyama gani siiingizi jikoni. Kastadi ya unga wa mahindi yatosha. Vanila ya chupa nyingi ina alkoholi, nami natumia iliki, ambayo kwa kweli hunukia vizuri zaidi.

Vipindi viwili vya pamoja ni dakika 80. Vikiangukia Ijumaa kabla ya adhuhuri, wanaokwenda msikitini huondoka vyombo vikiwa vichafu, na wanaobaki huosha kila wiki. Manung'uniko hayo hayasemwi, hujilimbikiza. Naomba Jumanne. Ratiba ikikataa, wanaoondoka huwasha makaa, huteka maji na kuparua samaki, wanaobaki huosha. Nayaandika ubaoni kwa majina, si kwa dini.

Ripoti ya kundi nayo ina mtego wa lugha. Ukisema "usiku wa Ijumaa", aliyelelewa Kiswahili cha hapa ataelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Mwingine ataelewa Ijumaa yenyewe usiku, na hapo Sabato imeshaingia tangu jua kutua, Msabato hashiki kalamu ya shule. Naandika: Alhamisi, saa kumi jioni. Jumamosi siitishi kundi.

Ramadhani husogea mapema siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo naitazama kabla ya kupanga muhula, na upishi mkubwa naumaliza Shaabani, mwezi unaoitangulia. Ukibaki mmoja wa lazima, simteui mwonjaji. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, humruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini mimi sitoi fatwa darasani. Tena ukiuliza "nani hafungi leo?" utamfichua msichana aliye katika siku zake. Chumvi inapimwa: kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya mchele, hakuna kuonja.

Chakula cha siku hiyo wanaofunga huenda nacho nyumbani. Wali wa nazi uliopikwa saa sita mchana, kwa joto letu, hufika futari umechacha. Visheti na mahamri hufika salama.