Foleni ya Petroli na Nusu Tangi Langu

Juzi nilijikuta kwenye foleni ya kituo cha mafuta huku mshale wa gari langu ukionyesha zaidi ya nusu tangi, nikaona haya. Sikuwa na haja ya petroli. Nilichokitafuta ni kuondoa wasiwasi wa petroli kuadimika, nao haupimwi kwa lita. Mbele yangu mtu alikuwa akijaza dumu la tatu, la plastiki nyembamba lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia, akiziba mdomo wa dumu kwa kipande cha nailoni.

Upungufu wa namna hii huweza kuanza na hitilafu ya kweli, lakini sisi wenyewe ndio tunaoukuza. Kituo huagiza mafuta kwa kukadiria kwamba wateja watakuja kwa nyakati tofauti, wengine leo na wengine wiki ijayo. Wote wakija siku moja, matangi ya ardhini hukauka hata kama bohari ina akiba. Mei 2021, bomba kuu linalopeleka mafuta mashariki mwa Marekani liliposimama kwa siku chache kutokana na shambulio la kimtandao, vituo vingi vya kusini mashariki viliishiwa, na hofu ya wanunuzi ilichangia sana.

Niligeuza gari nikaondoka. Tangu hapo naunganisha shughuli kadhaa katika safari moja, naendesha bila kukanyaga mafuta kwa ghafla, nahakikisha matairi yana upepo wa kutosha, na pa karibu naenda kwa miguu. Dumu la petroli silitaki ndani ya nyumba: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko linalowaka chumba cha pili.