Kumbukumbu ya mradi wangu: kugawa intaneti ya nyumba ya wapangaji

Nyumba yetu ina vyumba sita vinavyochangia laini moja ya faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, na kazi niliyojipa ni kuigawa laini hiyo ili asiwepo anayeimeza yote huku wenzake wakitazama kiduara kinachozunguka. Ruta iliyokuja na laini nimeiweka kando, nikafunga nyingine ndogo yenye OpenWrt, mfumo huria wa Linux unaomruhusu mwenye ruta kupanga mwenyewe foleni za pakiti, yaani vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo.

Jambo la kwanza nililofanya liliwashangaza majirani: nilishusha kasi hadi megabiti 18. Laini inapojaa, pakiti hurundikana penye wembamba kuliko kwingine, na pakiwa kwenye mtambo wa mtoa huduma, mimi sina uwezo wa kupagusa. Nikibana kidogo hapa nyumbani, foleni inahamia kwenye ruta yangu.

Foleni hiyo niliikabidhi kwanza kwa fq_codel, programu ya Linux ya kupanga foleni. Sehemu yake moja inafuata wazo alilolieleza John Nagle mwaka 1985, la kuhudumia foleni nyingi kwa zamu badala ya moja ndefu. Nyingine ni CoDel ya Kathleen Nichols na Van Jacobson, ya mwaka 2012, ambayo huanza kutupa pakiti pale ambapo muda wa kusubiri unabaki juu ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100 mfululizo. Simu za WhatsApp ziliacha kukatakata hata mtu alipokuwa akipakia video.

Haki, hata hivyo, ilikuwa bado haijapatikana, kwa kuwa fq_codel hutoa zamu kwa kila muunganisho. Kijana anayepakua kwa torenti akifungua miunganisho 50, na mwalimu wa chumba cha pili akiwa na mmoja tu wa Zoom, mwalimu huyo anaambulia fungu moja kati ya 51, yaani takriban kilobiti 350 kwa sekunde, ambazo hazitoshi kuonyesha uso wake vizuri.

Ndiyo maana nimehamia CAKE, programu nyingine ya kupanga foleni iliyoingia katika Linux toleo la 4.19 mwaka 2018. Hii hugawa kwanza kwa vifaa, kisha kwa miunganisho ya kila kifaa: vikitumika vifaa hivyo viwili tu, torenti na Zoom kila moja ina haki ya megabiti 9, na Zoom isipozimaliza, ziada inarudi kwa mwenzake. Katika mipangilio yake niliandika dual-dsthost kwa data inayoingia na dual-srchost kwa inayotoka, pamoja na neno nat, ambalo bila hilo CAKE ingeona anwani moja tu ya ruta na kudhani nyumba nzima ni kifaa kimoja.

Lakini kifaa si mtu. Mwenye simu, kompyuta mpakato na runinga hupata mafungu matatu, na mwenye simu pekee moja, ilhali mchango wao ni sawa. Kwa maoni yangu, kipimo kinachofaa hapa ni chumba, kwani ndicho kinacholipa. Hatua inayofuata ni kukipa kila chumba nywila na mtandao wake wa Wi-Fi, kisha kutumia HTB, njia ya Linux ya kugawa kasi kwa mafungu, ili kiwe na megabiti 3 za uhakika na ruhusa ya kuazima zile ambazo wengine hawazitumii. Familia ya watu watano imekwishauliza kwa nini ipewe sawa na mpangaji anayeishi peke yake. Suala hilo nimelipeleka kwenye kikao cha wapangaji, na viwango nitaviandika watakapokubaliana.