Nati Iliyoganda: Gonga Kwanza, Bomba Baadaye

Kwenye gereji za Unga Limited, Arusha, gari la watalii likirudi kutoka porini tope limekaukia chini ya bodi, kila nati ya egzosi ina kutu. Cha kwanza kutafutwa ni bomba la kurefushia spana. Hapo ndipo stadi nyingi, zile bolti zisizo na kichwa, zinapokatika.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, hivyo hujazana kwenye meno na kubana kama kabari. Mvuto wa mfululizo hauivunji kabari hiyo. Unaipindua bolti yenyewe. Piga hesabu: uzito wa kilo 20 kwenye spana ya sentimita 20 ni kama Nm 40 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Weka bomba ufike mita moja, ni karibu Nm 200. Nati ya gurudumu la Corolla, ambayo hukazwa Nm 103, itavumilia. Bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10, hukazwa kama Nm 10 tu.

Sugua kwanza meno yaliyojitokeza kwa brashi ya waya, maana nati itapita hapohapo ikitoka. Kisha mafuta. Dizeli inafaa ukiwa na subira ya usiku kucha. ATF (mafuta ya gia za otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu hupenya upesi zaidi, ila tikisa kila unapotumia kwa sababu hujitenga, na usimwagie rangi wala plastiki.

Sasa gonga. Nyundo ya gramu 500, mapigo kumi hivi juu ya kichwa cha bolti, yaliyonyooka. Kwa nati, shikilia nyundo nzito upande mmoja na ugonge upande wa pili. Ncha ya stadi usiigonge kavu, meno yatalala. Baada ya hapo kaza kidogo, ndiyo, kaza, mpaka usikie "tik", ndipo ulegeze. Ikianza kutoa mlio, rudi nusu mzunguko, ongeza mafuta, endelea. Anayelazimisha mlio huo atabaki na nusu ya bolti mkononi.

Spana nayo iwe sahihi. Magari ya Kijapani hutumia zaidi namba 10, 12, 14 na 17. Ukivalisha 13 juu ya 12 pembe zinaliwa mara moja. Kwa nati yenye kutu tumia soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hushika kwenye ncha tu. Spana mdomo iache kwa nati zilizokwisha kulegea.

Skrubu za nyota ni habari nyingine. Nyota ya Kijapani inafanana na ile ya kawaida, lakini bisibisi ya kawaida haizami mpaka chini, hivyo hupanda na kula kichwa. Nyingi za Kijapani zina kitobo kidogo kando ya msalaba. Dawa yake ni bisibisi ya kugonga: mwili mzito wa chuma wenye mfereji wa mshazari ndani, pigo la nyundo likishuka, ncha inasukumwa chini na kuzungushwa kwa pamoja. Hakikisha imewekwa upande wa kulegeza, zungusha mwili kwa mkono hadi ukaze kidogo, kisha pigo moja la nguvu. Mapigo mengi mepesi ni kazi bure. Skrubu za diski za breki na kava za injini ya pikipiki hukubali hapo.

Moto uchome nati, si bolti, ili nati itanuke peke yake. Ikiwa bado ya moto, gusisha mshumaa. Nta itanyonywa ndani ya meno. Mbali na petroli, mpira na shokapu, na kamwe si pale ulipoweka asetoni.

Stadi ikikatika, kichomozi cha kutoboa, kinachoingizwa kwenye tundu la drili ili kuzungusha kisiki kitoke, kiwe cha mwisho: ni chuma kigumu, kikivunjikia ndani drili haitakila. Kuchomelea nati juu ya kisiki ni bora, na joto lenyewe husaidia.

Halafu kuna meno ya kinyume. Pedali ya kushoto ya baiskeli, na nati za magurudumu ya kushoto kwenye malori mengi ya zamani ya Kijapani, hulegezwa kwa kuzungusha kulia. Ukiona herufi L kwenye ncha ya stadi, toa bomba kwanza, geuza spana.