Mjomba alivyoushika ukuta wa Kilwa

Mjomba wangu ni fundi muashi. Amejenga nyumba za watu Temeke na Mbagala tangu mi sijazaliwa, na viganja vyake mpaka leo ukimpa mkono unausikia ule ugumu wa saruji. Yeye ndo kanilea baada ya baba kufariki, kanisomesha mpaka nikamaliza chuo, na nilipopata kazi nikamuuliza mjomba unataka nikununulie nini, akasema sitaki kitu, nipeleke tu Kilwa nikauone ule msikiti wa kale. Nikadhani ni maneno ya kupitisha. Kumbe aliwahi kuona picha kwenye kitabu changu cha historia cha sekondari, ile picha ya nguzo na matao, na miaka yote hiyo alikuwa nayo kichwani.

Basi 2016, wiki moja baada ya Idd kubwa, tukapanda basi alfajiri pale Mbagala. Mjomba alikaa dirishani, kanzu nyeupe, kofia ya vito, na mfuko wa rambo wenye ndizi na maji ambao shangazi alitufungia. Tulipofika Daraja la Mkapa akanigusa bega, akaniambia mjomba (sie mjomba na mpwa tunaitana mjomba wote wawili) hapa kabla ya 2003 ulikuwa unangoja pantoni, mto ukijaa unalala hapohapo na watoto wako, na ng'ambo ya huko ilikuwa tope mpaka Somanga. Nilimuuliza sasa we ulikuwa unaenda wapi, akasema Lindi, kujenga shule, na Kilwa nilikuwa naipita tu pale Nangurukuru, kila safari naiona njia inakata kushoto na sina nafasi. Hilo neno lilinikaa. Mtu kapita mlangoni mwa jambo analolitamani mara zote hizo.

Kilwa Masoko tulifika mchana, tukapata chumba, jioni tukala samaki wa kuchoma na ugali karibu na soko, tukalala. Asubuhi chai ya tangawizi, vitumbua na muhogo wa kuchemsha uliopasuka vizuri wenyewe, ule wa unga unga. Kisha tukaenda ofisi ya mambo ya kale kuchukua kibali, tukapewa kijana wa kutuongoza, tukashuka bandarini kutafuta chombo cha kutuvusha mpaka Kilwa Kisiwani, maana msikiti uko huko kisiwani. Tulipata mashua ya tanga. Nahodha alisema maji yanajaa sasa ila mchana yatakupwa, mkichelewa mtangoja.

Ukiwa baharini kitu cha kwanza kukiona ni Gereza, ile ngome iliyokaa ufukweni kabisa rangi ya mchanga. Muongozaji wetu akatueleza kwamba Wareno waliiteka Kilwa 1505, Francisco de Almeida na meli zake, wakapora mji wakajenga ngome, wakaondoka 1512, na hiyo tunayoiona sasa ni ya enzi ya Waarabu wa Oman iliyojengwa juu ya ile ya zamani. Tulivyokaribia tukaona upande wa baharini umeliwa na maji, kona nzima imeshuka. Mjomba akasikitika kabisa, akawa anauliza maswali ya kifundi pale pale tukiwa bado ndani ya mashua, msingi umekaa juu ya nini, mikoko ilikuwepo hapa mbele ikakatwa? Kijana akasema ndiyo, wanapanda tena.

Hapo ndo akatuambia na habari ya dhahabu. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka bara kwenye nchi ya Zimbabwe ikishukia Sofala, bandari ya huko Msumbiji ya sasa, na Sofala ilikuwa chini ya Kilwa, kwa hiyo kila mzigo ulipita hapa ukilipiwa ushuru. Vasco da Gama alivyokuja 1502 akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi, na dhahabu ile ikapelekwa Ureno, ikafuliwa kuwa chombo cha kanisani ambacho kilikamilika 1506 na mpaka leo kipo kwenye jumba la makumbusho Lisbon. Mjomba aliuliza "kwa hiyo kipo? Kinaonekana?" Kijana akasema kipo. Mjomba akanyamaza muda mrefu akiangalia maji.

Sasa msikiti. Nitajaribu kuueleza lakini picha hazisemi kitu. Unatembea kijijini katikati ya nyumba za udongo na makuti, watoto wanakuamkia, kuku wanapita, halafu ghafla uko mbele ya uwazi wenye nguzo ambazo huzimalizi kuzihesabu na juu yake matao, na juu ya matao kuba zilizobaki, nyingine zimefunguka unaona mbingu. Majani yameota juu ya paa. Jua linaingia vipande vipande. Mi nilikuwa nimeshatoa simu nipige picha, nikageuka kumtafuta mjomba, nikamkuta amesimama nje ya kizingiti anavua viatu. Sie wote tumeingia na viatu, na yule kijana pia. Akamuuliza kijana kama inaruhusiwa kuswali, akaambiwa mzee wangu huo ni msikiti, swali. Akaingia pekupeku juu ya ile kokoto, akaelekea kibla, akaswali rakaa mbili. Na sie tukavua.

Alipomaliza akaenda kwenye ukuta akaweka kiganja. Hakuupapasa kama mtalii, aliuweka mkono wote, akausogeza taratibu kama anavyofanya akienda kukagua kazi ya fundi mwingine. Akaniita. Akanionyesha kwamba haya ni matumbawe, mawe ya baharini, yale yaliyochukuliwa chini ya maji yakiwa bado laini unaweza kuyachonga kwa shoka dogo, yakikauka ndo yanakuwa magumu, na ndiyo maana mihrabu na kingo za milango zimetoka nyoofu vile, na yale mabovumabovu ya nchi kavu yamejazwa ukutani na chokaa. Chokaa yenyewe inatoka kwenye matumbawe yaleyale, unayachoma juu ya lundo la magogo. Yaani jiwe limeungwa na ndugu yake. Alivyosema hivyo kijana wetu akacheka kwa furaha, akasema mzee leo wewe ndo unatuongoza.

Kisha kijana akatupa historia ya jengo na hii ndo ilimshika mjomba kuliko zote. Kipande cha nyuma, kidogo, ni cha karne ya 11. Kile kikubwa kiliongezwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mji ulipokuwa na fedha, na nguzo zake zilikuwa za jiwe moja moja la tumbawe. Kikaporomoka. Kikakaa kimeanguka miaka, watu wanaswali kwa shida, mpaka karne ya 15 kikajengwa upya, safari hii nguzo za mawe madogo yaliyoungwa kwa chokaa, za pembe nane, ndizo hizi. Mjomba alizunguka nguzo moja mara tatu. Akasema yule fundi wa pili alikuwa na kazi nzito kuliko wa kwanza, maana alijua kabisa kwamba juu hapa pameshawahi kuanguka, na akakubali kupandisha tena. Ungedhani anamuongelea mtu anayemjua. Mafundi huwa hivyo, wanaongelea kazi ya marehemu kama aliyetoka jana.

Makutani, magofu ya jumba jingine la masultani, tulipita haraka, jua lilikuwa limeshakuwa kali, na misikiti midogo tuliiona kwa mbali. Ila Husuni Kubwa nilisisitiza twende japo ni mwendo, iko peke yake mashariki ya mji juu ya genge, na njiani mibuyu na vipande vya vyungu viko chini kama kokoto, vingine vina rangi ya kijani ya kung'aa, kijana akasema ni vya Uchina, msiokote. Ni jumba la vyumba zaidi ya mia moja, lilijengwa na huyohuyo al-Hasan mwanzoni mwa karne ya 14 na inaonekana halikumalizika. Kuna birika la kuogea la pembe nane, kubwa, limekauka, na ngazi zinashuka mpaka baharini. Tukakaa ukingoni mwa birika kunywa maji na kijana akatusimulia habari za Ibn Battuta, aliyefika Kilwa 1331 akamkuta huyu sultani, akaandika kwamba mji ni mzuri na umejengwa vizuri, na kwamba sultani ni mnyenyekevu, anakaa na mafukara na kula nao. Siku moja anatoka kuswali Ijumaa, fukara mmoja wa Yemen akamuomba nguo alizovaa. Akarudi ndani akabadilisha akampa. Mwanawe ikambidi azikomboe zile nguo kwa yule fukara, akampa watumwa kumi.

Pale kwenye watumwa kumi mjomba akainua kichwa. Akasema "Kumi? Kwa nguo?" Hakuna aliyejibu. Bibi yake yeye mjomba, mzaa mama, kwao ni Kilwa Kivinje, bandari ya zamani ya biashara ya watumwa, na kuna mambo ya ukoo wake upande huo ambayo hayasemwi nyumbani, hilo nimelijua tangu mdogo. Alikaa pale akiangalia zile ngazi za kushuka baharini, halafu akasema tuondokeni, njaa inauma.

Na chakula tulikuwa tumeshaagiza. Asubuhi tulipopita kijijini kijana alitupeleka kwa mama mmoja mtu mzima, tukapiga hodi, shikamoo mama, marahaba wanangu, akasema pweza yupo ametoka kuchokolewa alfajiri, mkirudi mtamkuta tayari. Mi pweza nimemla Dar sana, ile supu ya jioni kwenye vibanda na vipande vya kuchovya kwenye pilipili. Huyu hakuwa yule. Nilikwenda jikoni nikamuuliza mama amempikaje maana harufu ilitukuta tangu kwenye kisima. Akasema kwanza alipigwa sana juu ya jiwe mpaka akalegea, halafu anabandikwa chunguni bila maji hata tone, na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, pweza anatoa maji yake mwenyewe mekundu, anajichemsha ndani yake mpaka yakauke. Ndipo unaweka nyanya na bizari, halafu tui jepesi, na tui zito mwisho kabisa, usifunike, koroga upande mmoja lisikatike. Nazi alikuwa amekuna mwenyewe, mbuzi iko pembeni bado ina machicha, na kifumbu kimening'inizwa ukutani kinadondoka.

Alitupakulia kwenye sinia moja. Wali wa nazi chini, pweza katikati, kachumbari ya embe mbichi pembeni. Mjomba akamuita na nahodha, akamuita kijana, na mzee mmoja jirani aliyekuwa anapita, mzee karibu, tukakaa watu watano mkekani. Pweza alikuwa laini mpaka unamkata kwa kidole na rojo lake zito rangi ya waridi limeingia kwenye wali. Hatukuongea. Mama akaleta ukoko kwenye sahani yake peke yake, mkavu, umeshika mafuta ya nazi, na mjomba, mtu asiyependaga kuombaomba, akaomba tena.

Maji yalishakupwa kama nahodha alivyosema, mashua imelala ubavu kwenye tope, kwa hiyo tukawa na alasiri nzima. Yule mzee jirani kumbe naye amewahi kufanya kazi ya kukarabati magofu. Wakakaa na mjomba chini ya mwembe na mi nikawa nasikiliza. Mzee alimweleza kwamba hizi kuta huwezi kuziziba kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipumui, unyevu na chumvi vinakwama ndani, na siku ya siku linalobanduka ni tumbawe, saruji imebaki. Lazima chokaa, iliyolowekwa shimoni wiki nyingi. Mjomba wangu, mtu wa saruji zaidi ya miaka thelathini, alimsikiliza kama mwanafunzi, anauliza kipimo, mchanga upi, wa mtoni au wa pwani, unauosha mara ngapi. Nilikuwa sijawahi kumuona anauliza. Kila siku yeye ndo anaulizwa.

Tulipoagana mzee akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa lenye mfuniko, ndani kipande cha chokaa kimetoka tanurini hakijatiwa maji, cheupe, chepesi kama andazi. Akamwambia usikiguse na mkono wenye jasho na kisipate unyevu njiani. Mama naye akatufungia pweza mkavu kwenye gazeti kwa ajili ya shangazi. Kopo mjomba alilipakata mpaka Mbagala, saa zote hizo, hata konda alipotaka kuliweka juu kwenye keria alikataa.

Siku ya pili jioni akaniita uani. Amechimba kishimo pembeni ya bomba, kaweka ndoo ya zamani ya bati, shangazi kasimama mlangoni na mwiko mkononi maana pweza yuko jikoni. Mjomba akakishusha kile kipande kwenye ndoo, akamimina maji kwa kata, taratibu, akarudi nyuma hatua mbili. Kimya kidogo. Halafu kikaanza kupasuka, mvuke ukapanda, maji yakachemka yenyewe bila moto, na mjomba akanishika mkono kwa nguvu akasema "ona, mjomba, ona."