Usimwage kilichobaki kwenye chupa

Juzi dogo mmoja anayesoma kemia kaniuliza, sasa kama kompyuta inapiga hesabu ya kila hatua ya mmenyuko, maabara ya nini tena, kunusa asetoni tu? Nikacheka, manake na mimi nlikuwa hivohivo, nikishaona mchoro wa hali ya mpito (lile umbo la katikati, bondi za zamani zinaachia na mpya zinafungwa) kwenye skrini najua kazi imeisha.

Nikamsimulia ile ya isoprini na anhaidraidi ya maleiki, kemikali mbili zinazoungana kuwa pete, mmenyuko wa Diels-Alder, wa tangu 1928 huo. Ubishi ulikuwa je, bondi mbili mpya zinafungwa pamoja au moja inatangulia? Hali ya mpito huwezi kuikamata, hujapepesa jicho imeshapita. Mwaka 1995 Singleton, mkemia wa chuo cha Texas A&M, akachukua kitu ambacho mimi ningemwaga kwenye sinki, yaani aliacha mmenyuko uende mpaka karibu 99% halafu akapima ile isoprini kidogo iliyobaki! Kaboni-13, ile kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, ipo tu kiasili, kama 1.1% ya kaboni yote, huinunui, na molekuli yenye hiyo kaboni nzito pale pale bondi inapofungwa inakuwa nzito wa mwendo kidogo, basi zinachelewa zinachelewa mwisho zinajazana kwenye mabaki, kama unavyopepeta mchele chuya zikabaki pembeni ya ungo. Tofauti ya spidi ya 2% tu, ukifika 99% mabaki yameongezeka kaboni-13 karibu 10%, na hiyo NMR (mashine ya sumaku inayosoma atomi za molekuli) inaiona bila shida. Kaboni ya methili, kile kitawi cha pembeni cha isoprini, haishiriki, ndo unalinganishia.

1996 wakaungana na kina Houk upande wa kompyuta, namba za maabara na za kompyuta zikakaa sawa: bondi zinafungwa pamoja, ila moja iko mbele kidogo.

Sio kila siku maabara na kompyuta wanapatana lakini. 2015 Plata na Singleton waliugeukia mmenyuko mwingine, Morita-Baylis-Hillman, kwenye methanoli (alkoholi), mahesabu yalishasema alkoholi inapokezana protoni, inatoa huku inapokea kule kwa mpigo mmoja. Maabara ikakataa, ni asidi na besi za kawaida tu! Na metodi za hesabu zenyewe zilipishana vibaya, kwa hiyo ukiwa mjanja unachagua inayokupa jibu unalolitaka (wapo, msijifanye hamuwajui).

Dogo akauliza, hayo mabaki yanatosha kweli kuwekwa kwenye NMR? Nikamwambia ukitaka gramu moja ya mabaki anza na gramu mia. Akanyamaza.